Darasa limegoma kuongea Kiingereza? Anzia hapa

Walimu wenzangu wa Kiingereza, hasa nyie mlioko shule za kata na mmepewa kidato cha kwanza na cha pili, hii hali mnaijua vizuri. Unaingia, wanasimama wote, "Good morning teacheeer", sauti inatikisa bati, wanakaa, "Thank you teacheeer". Alafu unamwita mmoja tu kwa jina, umuulize jana alifanya nini baada ya shule, darasa zima linaangalia chini ya meza. Alieitwa kasimama, anashikashika kola ya shati, anatabasamu kwa aibu, na hapo neno usitegemee.

Tukubaliane kwanza tatizo liko wapi, maana ukikosea hapa hatua zote zinazofuata ni kazi bure. Hawa watoto sio wavivu, na wengi wao sio kwamba hawajui kitu. Mtoto aliesoma shule ya msingi ya serikali kafundishwa kila kitu kwa Kiswahili miaka saba, Kiingereza alikuwa anakutana nacho kama somo moja kwenye ratiba, tena somo la kunakili ubaoni na kujaza nafasi zilizoachwa wazi, afu Januari anaingia sekondari anaambiwa baiolojia kwa kimombo, jiografia kwa kimombo, fizikia kwa kimombo. Maneno anayo, mpe zoezi la kuandika utayaona yamejaa. Anachoogopa ni watu sabini wanaomsikiliza akiwa anakosea, na wengine wanasubiri akosee wapate cha kumtania mpaka jioni. Kwahiyo kazi yako ni mbili, upunguze watu wanaomsikiliza, na umpe cha kusema kabla hujamtaka aseme. Hatua zote huku chini zinatokana na hayo mawili.

Hatua ya 1: Ondoa vitisho kwenye chumba chako

Shule nyingi zina kibao cha "English Speaking Zone" getini na karatasi ya "No English, No Service" kwenye mlango wa ofisi ya walimu. Mtoto ana shida ya kweli, anaumwa tumbo au kaibiwa daftari, anafika mlangoni anasoma ile karatasi, anageuza anarudi darasani na tumbo lake. Kiingereza hajajifunza hapo, kajifunza kutokanyaga ofisini. Na kuna wale wanaovalisha watoto kibao shingoni wakikamatwa wanaongea Kiswahili, kuna faini, kuna fimbo. Kanuni zetu za viboko hapa Tanzania za mwaka 2002 zinazungumzia makosa makubwa ya nidhamu, viboko visivyozidi vinne, na mwenye mamlaka ni mkuu wa shule au mwalimu aliemkasimisha, sasa mtoto kumwambia rafiki yake "twende tukanywe maji" sijui ni nani anaweza kulisoma hilo likawa kosa kubwa.

Najua kibao cha getini huwezi kukitoa, ni cha mkuu wa shule. Lakini kipindi ni chako. Siku ya kwanza waambie, na waambie kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe bila wasiwasi: humu ndani hakuna anaechapwa kwa kukosea Kiingereza, hakuna anaepunguziwa maksi kwa kujaribu, na kucheka mtu anaeongea ndo kosa pekee ambalo mimi na nyie tutagombana. Afu itunze hiyo ahadi kama roho yako, kwasababu watakupima. Wiki hiyo hiyo atatokea mmoja aseme "Yesterday I goed to the shamba", na wote hawatamwangalia yeye, watakuangalia wewe usoni.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya muda, utaacha kuuliza mmoja mmoja

Kipindi ni dakika 40. Darasa lina watu 70, na tangu ada ifutwe kidato cha kwanza mpaka cha nne mwaka 2016 hilo sio darasa la ajabu kabisa. Ukisema umuulize kila mtu kwa zamu, hata wewe mwenyewe usifungue mdomo toka mwanzo mpaka mwisho, kila mtoto anapata sekunde 34. Na tuseme ukweli, hawapati hata hizo, wanaongea watano wale wale waliotoka ingilishi midiamu na wengine 65 wanasubiri kengele.

Sasa wagawe wawili wawili waongee dakika 10. Kila mmoja kapata kama dakika 5 za kuongea kwa mdomo wake, na anaemsikia ni mtu mmoja, jirani yake aliekaa nae tangu walipoanza shule. Hapo hamna jukwaa, hamna wa kumcheka, na hata huyo jirani nae anahangaika vilevile.

Kuwagawa usihamishe meza, darasa lililojaa hata pa kupita hamna na dakika 10 zitaisha kwenye kusukuma viti. Anaekaa pembeni yako ndo mwenzako, basi. Wakitokea watatu kwa sababu ya idadi ni sawa, wanne hapana, wa nne anageuka msikilizaji. Mwanzoni usilazimishe mvulana akae na msichana, umri ule wana mambo mengi vichwani na mdomo utafungwa kabisa, waache na marafiki zao, wakishazoea unawageuza, safu ya mbele inageukia nyuma na kila mtu anapata mtu mpya bila kunyanyuka.

Na maelekezo yawe ya kuonyesha zaidi ya kuelezea. Ukiwaambia "discuss in pairs" watakuangalia tu. Chukua mwanafunzi mmoja asiye na woga, simameni wawili mbele, ongeeni yale mazungumzo mara mbili, afu gawa: wewe A, wewe B, wewe A, wewe B, mpaka nyuma. A wanyooshe mikono. B wanyooshe mikono. Anzeni.

Kelele zitakuwepo, watu 70 wakiongea kwa pamoja lazima. Mpe taarifa mapema mwalimu wa darasa la jirani, na mkuu wa shule pia ajue, maana kuna wakuu wakisikia kelele wanajua darasa halina mwalimu. Afu uwe na ishara moja ya kunyamazisha ambayo haihitaji sauti yako: unanyoosha mkono juu, anaeuona ananyamaza na kunyoosha wake. Ifanyieni mazoezi siku ya kwanza kama mchezo tu, ukiikosa hii ishara utaacha kazi za wawili wawili ndani ya wiki kwa kuumwa koo.

Hatua ya 3: Sentensi za kujiokoa, ziwe ukutani

Mtoto anakwama katikati ya sentensi kwasababu kakosa neno moja. Kwenye Kiswahili ukikosa neno unasema "nani hii, kile kidude", unaendelea na safari. Kwenye Kiingereza hajawahi kufundishwa cha kusema akikwama, kwahiyo ananyamaza. Chukua manila na maka peni, andika kwa herufi kubwa zinazosomeka mpaka nyuma:

"How do you say ___ in English?"
"Sorry, can you say that again?"
"I don't know the word, but it is a thing for ___."
"Give me a minute, please."
"Please come back to me."

Hizo mbili za mwisho zina maana kubwa kuliko zinavyoonekana. Mtoto aliesema "Please come back to me" ameongea Kiingereza, tena kwa adabu, na kakaa chini bila aibu. Wewe kazi yako ni kurudi kweli kwake baadae, usimsahau, ukimsahau mara mbili wote watajua ni njia ya kukwepa.

Kiswahili kwenye hatua hii ni ruksa. Wakati wa kujiandaa waulizane kwa Kiswahili, wapange mawazo kwa Kiswahili, hata waandike maneno matatu pembeni ya daftari, afu ikifika zamu ya kuongea ndo inakuwa Kiingereza. Kuna walimu wanaona hii ni kushindwa. Mimi naona mtoto alieelewa anachotaka kusema ana nafasi kubwa zaidi ya kukisema, na yule alieambiwa afikiri kwa lugha asiyokuwa nayo anabaki kimya huku wewe unajisifu darasa lako ni la Kiingereza tupu.

Hatua ya 4: Wape kitu ambacho lazima waulizane

"Talk about your family" ni mada mbaya, samahani kama unaipenda. Jirani yake anaijua familia yake, hakuna anaetaka kusikia, na wapo watoto ambao habari za nyumbani ni kidonda. Mazungumzo yanaanza pale mmoja ana kitu ambacho mwenzake hana. Na hii haitaki fotokopi, ubao unatosha. Nitaeleza moja mpaka mwisho muone inavyokwenda.

A wote wanaangalia ubao. B wote wanageuka, mgongo ubaoni, kila B anamwangalia A wake. Ubaoni andika bei, tumia za soko la kwenu: "beans, 1 kilo, 3,000", "rice, 1 kilo, 2,800", "cooking oil, 1 litre, 6,500", "tomatoes, 1 heap, 1,000". B hawaoni. Wao kabla hawajageuka umeshawaambia waandike kwenye daftari: nina shilingi 20,000, nimetumwa maharage kilo moja, mchele kilo mbili, mafuta lita moja na nyanya fungu moja. B ndo mnunuzi, A ndo muuzaji. Pembeni ya ubao, mahali ambapo umeshawasomesha wote kabla, weka sentensi nne: "How much is ___?", "It's ___ shillings", "That's too expensive, please reduce", "OK, for you, ___."

Bila kubembeleza bei jumla ni 16,100 na chenji 3,900. Lakini watabembeleza, ndo maana ya ile sentensi ya tatu, na hapo kila B anaishia na chenji yake tofauti. Mwisho unauliza swali moja tu kwa darasa, "How much change do you have?", na hili watajibu kwasababu ni namba, ni fupi, na kila mtu anataka kujua nani kampiga mwenzake. Aliebakiwa na 6,000 anatangazwa shujaa, aliebakiwa na 3,900 kamili anachekwa na yeye mwenyewe anacheka, na hiki ni kicheko cha biashara, hakina shida.

Pita katikati usikilize, usisimame juu ya kichwa cha mtu. Utasikia "Teacher, fungu?", unamnong'oneza "heap". Utasikia "How much tomato one?", acha, muuzaji kaelewa na kajibu. Utasikia msichana ambae tangu Januari hujawahi kusikia sauti yake anamwambia muuzaji "Ah, mama, you are killing me!", moja kwa moja kutoka sokoni kwao, na hapo tafadhali usimkosoe kitu. Wakimaliza, A wanageuka nyuma, B wanaangalia ubao, unabadilisha bei, mnarudia. Mara ya pili sauti inakuwa juu zaidi na maswali yanatoka haraka, kwasababu sentensi zimeshakaa mdomoni.

Ukishaielewa staili hii unaitumia kwa kila kitu. Ratiba ya basi la Dodoma kwenda Mwanza, A ana saa za kuondoka B ana nauli. Ramani ya kijiji, mmoja anajua zahanati ilipo mwingine anajua shule. Tofauti tano kati ya picha mbili ulizochora mwenyewe hata kama unachora ng'ombe anaonekana kama meza. Kwa fomu tuu wanaosoma nyakati, A kaandika alichofanya Jumamosi saa kwa saa, B anatakiwa agundue masaa mawili ambayo A alikuwa amelala, kwa kuuliza "Were you ___ at ten?" tu.

Hatua ya 5: Uliza, nyamaza, subiri

Hii haitaki vifaa na ndo ngumu kuliko zote kwa mwalimu. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, kwenye miaka ya 1970 alirekodi vipindi vya sayansi akakuta walimu wakishauliza swali wanasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumrukia mwingine au kujijibu wenyewe. Walipofika sekunde tatu na kuendelea, majibu yakawa marefu na wanaojibu wakaongezeka. Na wale watoto walikuwa wanajibu kwa lugha ya darasani wanayoizoea. Wa kwako ana kazi ya kusikia Kiingereza, kugeuza kwa Kiswahili, kupata jibu, kurudisha kwa Kiingereza, kuogopa, ndo afungue mdomo, kwahiyo tatu ni chache, hesabu mpaka nane kimoyomoyo. Utaona ni muda mrefu mno, utatamani kusema kitu. Usiseme.

Na mpangilio ubadilishe: swali kwanza, kimya, ndo jina. Ukitaja jina kwanza wengine wote 69 wameshapumzika, hawafikirii tena, na alietajwa kashapata presha kabla hajalisikia swali. Kati ya kimya na jina weka dakika moja ya kumwambia jirani jibu, hii ndo ile fikiri, mwambie mwenzako, liambie darasa ambayo Frank Lyman, mtaalamu wa elimu wa Marekani, aliileta mwaka 1981. Ukimwita mtu baada ya hapo anakuwa kashalisema jibu mara moja, jirani kamrekebisha neno, kilichobaki ni kurudia.

Hatua ya 6: Makosa na vicheko

Wakiwa wanaongea usikosoe. Tembea na kidaftari, andika makosa unayoyasikia bila majina, dakika tano za mwisho andika matatu ubaoni mrekebishe wote kwa pamoja. Matatu tu. Ukisikia kosa mtu akiwa anajibu mbele ya wote, rudisha sentensi ikiwa sahihi ndani ya jibu lako: "My mother he sells fish." "Oh, she sells fish? Where does she sell it?" Kapata sahihi, na mazungumzo hayajakatika.

Inasaidia ukijua makosa yanatoka wapi, hasira zinapungua. Hilo la "my mother he" linatoka kwenye "yeye" na ile "a-" yetu isiyojali mume wala mke, kichwani kwake hakuna sehemu ya kuchagua, na atalikosea hata akifika chuo. "I have fourteen years" na "I have hungry" ni "nina miaka kumi na nne" na "nina njaa". Upande wa sauti, sisi tuna irabu tano wakati Kiingereza wanachokifundisha Waingereza kina kama 20, kwahiyo "bad", "bud" na "bird" zote zinatoka kwenye tundu moja, na konsonanti zikifuatana tunachomeka irabu katikati, "desiki", "miliki". Anaechanganya r na l, "lice" na "rice", mara nyingi ni lugha ya kwao inafanya hivyo, na hapa ndo utani wa makabila unapoingia darasani, watu wanamwigiza, kila mtu anacheka, na huyo hutamsikia tena muhula mzima. Matamshi kazia yale tu yanayoharibu maana. Mengine yaache, Mtanzania akiongea Kiingereza akasikika Mtanzania hajaua mtu.

Kwenye kicheko cha kudhihaki uwe mkali, mara ya kwanza tu inatosha. Simamisha kila kitu, bila kufoka, bila fimbo, mwangalie aliecheka mpe sentensi ile ile aiendeleze: "OK, continue from there, what happened next?" Asilimia kubwa ya vicheko inaishia hapo hapo, maana wanaocheka sana ndo wanaoogopa sana.

Hatua ya 7: Ongeza wasikilizaji kidogo kidogo

Wawili wakishazoea, na hii inaweza kuwa wiki tatu inaweza kuwa muhula, unganisha wanne: kila mmoja anawaeleza hao wawili wapya alichoambiwa na mwenzake. Anaeleza habari za mtu mwingine, sio zake, na hiyo inapunguza aibu sana. Baada ya wanne, anaongea mbele ya darasa lakini akiwa amekaa pale pale alipo. Afu amesimama pale pale. Kwenda mbele ubaoni ni mwisho kabisa, na wasimame wawili wawili, sio mmoja.

Katikati ya hizo ngazi ingiza mchezo wa kurudia hadithi kwa muda unaopungua. Wenyewe wanaita 4/3/2: unasimulia jambo kwa dakika 4 kwa mtu wa kwanza, unahamia kwa mwingine unasimulia lile lile kwa 3, wa tatu kwa 2. Keith Maurice, mtaalamu wa kufundisha Kiingereza, aliielezea mwaka 1983 na mwenzake wa fani hiyo Paul Nation akaja kuifanya ijulikane zaidi. Kwa kidato cha kwanza dakika 4 ni mateso, anzeni na 2, kisha moja na nusu, kisha moja. Raha yake ni kwamba mara ya tatu mtoto anasikia mwenyewe kwamba ameongea bila kusimama simama, na hakuna aliemfundisha chochote katikati. Darasa lililobanana, badala ya kuhama, A anageuka kulia, nyuma, kushoto.

Mdahalo sijausahau. Ile "Education is better than money" ya kila Ijumaa ni nzuri kwa wale kumi wanaoipenda, wengine 400 ukumbini wanapiga makofi na kusinzia. Ukitaka iwasaidie walio kimya ifanye ya wanne wanne darasani, wawili wanakubali wawili wanapinga, dakika 6, na mada ziwe za maisha yao: simu ziruhusiwe shuleni au la, nani aoshe vyombo nyumbani. Kukariri hotuba nako watu wanakubeza sana, mimi kwa mwanzo sina tatizo nako, mtoto akikariri sentensi sita akazisema mbele ya watu wanne bila kuzimia ni hatua, baadae unamuuliza swali moja ambalo halimo kwenye karatasi.

Wale wachache ambao bado hawaongei

Watakuwepo. Kwanza hakikisha anasikia na anaona ubao, inashangaza wangapi wanakaa nyuma na masikio au macho hayafanyi kazi vizuri na hakuna aliewahi kuuliza. Pili muulize pembeni, kwa Kiswahili, bila watu, anaogopa nini, mara nyingi kuna mtu maalum darasani anaemuogopa, basi muhamishe kiti. Tatu mpe kazi ya mdomo isiyo na uchaguzi wa maneno: asome ratiba, ahesabu kura, atangaze muda, "Two minutes left". Simu za wanafunzi haziruhusiwi lakini yako unayo, mrekodi akiwa na rafiki yake mmoja nyuma ya darasa, wasikilizeni nyie watatu tu, afu ifute mbele yake. Sauti ya mtu akiisikia mwenyewe huwa inamshangaza, mara nyingi anakuta sio mbaya kama alivyodhani.

Kiingereza chako na wewe

Tuongee kidogo maana staff room tunaongea Kiswahili toka asubuhi mpaka tunapanda daladala. Kama na wewe mwenyewe unaogopa kuongea, darasa linajua. Kabla ya kipindi andika sentensi kumi utakazotumia kuelekeza, fupi, zile zile kila siku: "Turn to your partner", "Student A, you start", "One more minute", "Change roles". Ukizirudia kila kipindi wanazielewa bila kutafsiriwa, na wewe unaacha kutafuta maneno. Ukikwama mbele yao nyoosha kidole kwenye ile manila ukutani, soma sentensi ya kwanza kwa sauti, waulize wao.

Maksi

Mtihani wa taifa wa kidato cha nne Kiingereza ni karatasi ya kuandika, hamna sehemu ya kuongea, kwahiyo wenzako watakuuliza kwanini unapoteza muda. Jibu lipo kwenye masomo mengine yote, mtoto ambae hawezi kuuliza swali kwa Kiingereza kwenye fizikia anabaki na swali lake. Lakini pia wanafunzi wanathamini kinachoandikwa, kwahiyo weka alama kwenye mazoezi yako ya darasani. Usipime ufasaha miezi ya kwanza, pima kushiriki: kaongea na mwenzake, kauliza swali moja, kamaliza kazi. Huwezi kusikiliza watu 70 kwa siku moja, chagua meza tano kila kipindi, usiwaambie ni zipi, pita uwasikilize hao, weka tiki. Kwa vipindi sita au saba vya wiki mbili umeshamaliza darasa zima, unaanza upya, na safari hii ongeza kipengele kimoja, mfano kama anamuuliza mwenzake swali la nyongeza au anajibu tu na kunyamaza.